Jedwali lenu la risasi za kulungu limeacha safu mbili

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua niseme neno kuhusu makala mliyoichapa hivi karibuni juu ya kuchagua risasi za kuwindia kulungu. Mwandishi wake alieleza mengi kwa usahihi, hasa usalama wa kubeba bunduki na wajibu wa kumtambua mnyama na kilicho nyuma yake kabla ya kugusa kifyatulio, na kwa hayo ninamshukuru. Hata hivyo, jedwali lililoambatana na makala lilikuwa na safu mbili tu, aina ya bunduki na uzito wa risasi, na chini yake paliandikwa kwamba mwindaji asiye na uhakika achukue risasi nzito kuliko zote zinazoingia katika bunduki yake. Ushauri huo ndio ulionifanya nishike kalamu, kwa sababu niliwahi kuufuata mwenyewe na nikaona ulivyomtesa mnyama.

Kabla ya kuendelea, tuelewane juu ya maneno. Ninaposema kulungu nina maana ya wanyama wa ukoo ule ambao pembe za madume huanguka na kuota upya kila mwaka; pongo na swala, ambao pembe zao ni za kudumu, simo katika habari zao leo. Na ninaposema risasi nina maana ya kitu kizima kinachotiwa kwenye bunduki: ganda la shaba, fataki ya kuwashia baruti kitakoni mwake, baruti yenyewe ndani, na kichwa mbele. Kichwa peke yake ndicho kinachotoka mtutuni na kumfikia mnyama, na uzito unaoandikwa kwenye boksi ni wa kichwa hicho, wala si wa risasi nzima. Hupimwa kwa greini, kipimo cha zamani ambacho moja yake ni sawa na gramu 0.0648, kwa hiyo kichwa cha greini 150 kina uzito unaokaribia gramu 10.

Sasa tuchukue risasi aina ya .308 Winchester (majina ya namba kama hili hutaja risasi pamoja na bunduki inayoipiga), ambayo imekuwa sokoni tangu mwaka 1952 na ambayo wawindaji wengi wa kulungu wanaifahamu. Risasi zake za kawaida za kiwandani zenye kichwa cha greini 150 hutoka mtutuni kwa kasi ya takriban mita 860 kwa sekunde, na zile za greini 180 kwa takriban mita 800. Nishati ni nusu ya uzito mara kasi mara kasi tena, na ukipiga hesabu utapata takriban jouli 3,590 kwa kichwa chepesi na takriban jouli 3,730 kwa kile kizito. Uzito umeongezeka kwa sehemu moja ya tano, lakini nishati haikuongezeka hata kwa asilimia 4. Ganda ni lile lile na shinikizo linaloruhusiwa ndani yake ni lile lile, hivyo kila kinachoongezwa kwenye uzito hupunguzwa kwenye kasi. Kinachoongezeka kwa hakika ni teke la bunduki begani, na mpigaji anayeliogopa teke hufumba macho na kuivuta bunduki pembeni wakati ule ule anapofyatua. Nimewaona watu wazima, wenye nguvu na ujasiri, wakikosa karatasi ya shabaha kwenye mita 100 kwa sababu hiyo tu, na wakilaumu darubini.

Sisemi kwamba uzito hauna kazi. Kati ya vichwa viwili vya kipenyo kimoja na muundo mmoja, kile kizito ni kirefu zaidi, hupenya kwa kina zaidi, na kikiwa na umbo zuri huitunza kasi yake vizuri zaidi safarini. Mwindaji wa kulungu mwekundu dume, ambaye anaweza kuzidi kilo 150 na ambaye bega lake ni mfupa wa kweli, ana sababu ya kutaka kina hicho. Lakini roe, yule kulungu mdogo wa Ulaya, huwa na kilo 20 hadi 30, na kifua chake kutoka ubavu hadi ubavu hakizidi sana upana wa viganja viwili vya mkono. Kichwa cha risasi kilichotengenezwa kwa ajili ya wanyama wakubwa hukivuka kifua hicho kabla hakijaanza kufunguka.

Hilo nililijifunza kwa aibu. Msimu wangu wa tatu niliwinda na .30-06, na kwa kuwa nilishaambiwa kile kile mlichowaambia wasomaji wenu, nilinunua risasi za greini 220, nzito kuliko zote zilizokuwapo rafuni. Nilimpiga jike mdogo kwenye mita 60, ubavuni, nyuma kidogo ya bega, mahali pazuri kabisa. Aliruka, akakimbia, akaingia kwenye matete. Pale alipokuwa amesimama palikuwa na nywele chache tu na tone moja la damu. Tulimpata baada ya saa tatu kwa msaada wa mbwa, na tulipomchuna tundu la kutokea lilikuwa dogo kama lile la kuingilia. Risasi ilipita ndani yake kama sindano inavyopita kwenye kitambaa.

Kabla ya hapo nilikuwa nimefanya kosa la upande wa pili. Niliazima .243 Winchester pamoja na boksi la risasi za greini 58, bila kujua kwamba zilikuwa zimetengenezwa kwa wanyama wadogo waharibifu, zenye gamba jembamba ili zipasuke mara tu zinapogusa kitu. Dume alikuwa karibu, kama mita 80, akiwa amegeuka kidogo, na nilimpiga begani. Kichwa kilisambaratika juu ya mfupa, kikaacha jeraha pana lisilo na kina. Tulifuata damu mpaka giza likaingia, tukarudi alfajiri, na tulimkuta mchana wa siku hiyo akiwa bado hai, amelala chini ya mti, akitutazama. Sijasahau macho yake, na wala sitaki kuyasahau.

Risasi moja ilikuwa nzito mno na nyingine nyepesi mno, na msomaji anaweza kudhani kwamba dawa ni kuchukua ya katikati. Ni kweli kwa sehemu. Lakini bunduki ile ile ya .243, ikipewa kichwa cha greini 100 kilichojengwa kwa ajili ya kulungu, ingepita bega lile na kufika mapafuni, na .30-06 ile ile, ikipewa kichwa chenye ncha laini cha greini 150, ingemwangusha yule jike hatua chache kutoka aliposimama. Kilichonishinda mara zote mbili ni muundo wa kichwa, na hiyo ndiyo safu ya kwanza iliyokosekana kwenye jedwali lenu.

Kichwa cha risasi ya kuwindia kulungu kina kazi mbili zinazovutana. Kinatakiwa kichanue ndani ya mwili kama uyoga, ili kiharibu mapafu na mishipa mikubwa na kumaliza uhai haraka, na wakati huo huo kinatakiwa kibaki kizima cha kutosha ili kifike ndani na ikiwezekana kitoke upande wa pili, kwa sababu tundu la pili ndilo linaloacha damu ya kufuatwa. Kile cha kawaida kina moyo wa madini ya risasi uliofunikwa kwa gamba la shaba, na ncha imeachwa wazi ili ianze kubonyea inapogonga. Kwa kulungu wa uzito wa wastani, kwa kasi ya wastani na umbali wa wastani, muundo huo umefanya kazi kwa zaidi ya miaka mia moja na bado unafanya kazi. Shida huanza kasi inapokuwa kubwa na mfupa unapokuwa karibu. Mwaka 1946 Mmarekani John Nosler aliwinda moose huko British Columbia, Kanada (moose naye ni wa ukoo wa kulungu, tena ndiye mkubwa kuliko wote), na vichwa vya risasi zake vikapasuka juu ya ngozi ya mnyama bila kuingia ndani. Alirudi nyumbani akachonga kichwa chenye ukuta wa shaba katikati, ili nusu ya mbele ichanue na nusu ya nyuma ibaki imara, na kufikia mwaka 1948 alikuwa akiviuza. Baadaye wengine walipata njia ya kuugandisha moyo wa risasi na gamba lake visiachane, na wengine wakaacha kabisa madini ya risasi na kutengeneza kichwa kizima kwa shaba tupu.

Aina moja niitaje ili ikataliwe. Risasi za kijeshi, ambazo gamba lake hufunika ncha yote, ni rahisi kupata na bei yake huwavutia wanaoanza. Azimio la The Hague la mwaka 1899 lilizuia matumizi ya vitani ya risasi zinazochanua mwilini, na ndiyo maana za kijeshi hutengenezwa zisichanue. Sheria za uwindaji katika nchi nyingi husema kinyume chake, yaani kwamba kulungu apigwe kwa risasi inayochanua tu, na sababu yake ni huruma: jeraha jembamba linalompita mnyama humwacha akafie mbali, polepole. Kumpiga kulungu kwa risasi ya kijeshi ni kosa hata pale ambapo sheria haijalitaja.

Lugha yetu ina ugumu wake hapa. Neno risasi ni jina la silaha na pia ni jina la madini, kana kwamba babu zetu waliona kimoja hakiwezi kuwapo bila kingine. Leo kinaweza. Kichwa cha madini ya risasi kinapochanua huacha chembe ndogo katika nyama, nyingine zisizoonekana kwa macho na zilizosambaa mbali na tundu lenyewe, na madini hayo ni sumu, zaidi kwa watoto na kwa ndege wanaokula matumbo yaliyoachwa porini. Jimbo la California, ambako tai wakubwa waitwao kondori walikuwa wakifa kwa sumu hiyo, limezuia madini ya risasi katika uwindaji wote tangu tarehe 1 Julai 2019, na Denmark imeyazuia katika risasi za bunduki za kuwindia tangu Aprili 2024. Mwindaji anayehamia shaba tupu anapaswa kujua kwamba shaba ni nyepesi kuliko madini ya risasi, kwa hiyo kichwa cha shaba chenye uzito ule ule huwa kirefu zaidi. Na kwa kuwa hakipotezi vipande, kinaweza kuwa chepesi bila kupoteza kina. Aliyezoea greini 150 au 165 katika .308 ataridhika na 130 za shaba, na hapo ushauri wa kuchukua nzito kuliko zote unageuka kuwa hasara, kwa sababu shaba ngumu inahitaji kasi ili ichanue, na aina nyingi huchanua kwa shida kasi ikishuka chini ya mita 600 kwa sekunde.

Hapo ndipo ilipo safu ya pili mliyoiacha: kasi ya kichwa pale mnyama alipo. Boksi hutangaza kasi ya mtutuni, lakini hakuna anayempiga kulungu akiwa mdomoni mwa mtutu. Chukueni .30-30 Winchester ya mwaka 1895 yenye kichwa cha greini 150, na .243 ya mwaka 1955 yenye greini 100. Mtutuni zina nishati inayokaribiana, takriban jouli 2,580 na 2,640, na kwa kufuata jedwali lenu ile nzito ndiyo ingesifiwa. Zikifika umbali wa mita 180 hivi, ile ya .30-30 imebaki na takriban jouli 1,280 na kasi ya mita 510 kwa sekunde, ilhali .243 ina takriban jouli 1,800 na kasi ya mita 745. Sababu ni umbo. Bunduki nyingi za .30-30 hupanga risasi zake katika bomba chini ya mtutu, kila ncha ikigusa fataki ya risasi iliyo mbele yake, kwa hiyo ncha hufanywa butu ili isije ikaipasua, na butu hupigana na hewa. Ndani ya msitu mnene, kwenye mita 70, .30-30 ni chombo kizuri sana na ninaipenda. Kuvuka bonde, siipeleki.

Sheria nazo zinaelewa hivyo, ingawa kila moja kwa namna yake. Ujerumani inadai jouli 1,000 kwa roe na jouli 2,000 kwa kulungu wakubwa, na nishati hiyo inapimwa mita 100 kutoka kwenye mtutu, pamoja na kipenyo kisichopungua milimita 6.5 kwa hao wakubwa, kwa hiyo .243, ambayo kichwa chake kina milimita 6.2, hairuhusiwi huko kwa kulungu mwekundu hata ikiwa na nishati ya kutosha, ilhali Uingereza inamruhusu mwindaji kuitumia. Jimbo la Colorado nchini Marekani linataka kichwa kisichopungua greini 70 kwa kulungu, na pia linaitazama nishati kwenye yadi 100. Msomaji aanze na sheria ya mahali anapowinda, ndipo aangalie maboksi.

Nikiulizwa nitaje uzito, nitautaja, kwa kulungu wa kilo 50 hadi 100 na kwa vichwa vya moyo wa madini ya risasi vinavyochanua. Kwa .243 ni greini 95 au 100. Kwa 6.5 Creedmoor ni kati ya 120 na 140, na kwa .270 Winchester ni 130, ambayo wenye bunduki hiyo wameitumia tangu mwaka 1925 bila sababu ya kuiacha. Kwa 7mm-08 ni 140, kwa .308 ni 150 au 165, kwa .30-06 ningechukua 165, na 180 iliyogandishwa iwapo kulungu mwekundu dume ndiye anayetafutwa. Kwa .30-30 ni 150 au 170, na tofauti yake sijawahi kuiona kwa mnyama.

Namba hizo ni mwanzo tu, kwa sababu mtutu nao una uchaguzi wake. Ndani ya mtutu kuna mitaro inayozunguka na kukipa kichwa mzunguko wa kukiweka sawa hewani, na kichwa kirefu kinahitaji mzunguko wa kasi zaidi. Mitutu mingi ya .243 hukamilisha duru moja kila inchi 10, na kwa hiyo haivitulizi vizuri vichwa virefu sana, ilhali 6.5 Creedmoor huzungusha duru moja kila inchi 8 na kuvibeba bila taabu. Mkiona karatasi ya shabaha ina tundu refu badala ya la duara, kichwa kimefika kikiwa kimelala ubavu, na risasi hiyo haifai kwa mtutu huo hata iwe imesifiwa namna gani. Ninamshauri mwindaji anunue maboksi matatu ya uzito na aina tofauti, apige risasi tatu tatu kwenye mita 100 akiuacha mtutu upoe kila baada ya mafungu mawili, na aichague ile inayoweka matundu karibu karibu kila siku anayorudi. Akishaipata, anunue za kutosha za toleo moja, maana namba ya toleo iliyopigwa muhuri kwenye boksi ikibadilika, mahali pa kugonga panaweza kubadilika pia, na darubini ilinganishwe upya.

Jambo moja la hatari nimelikosa katika makala yenu na siwezi kulipita. Maandishi yaliyo kitakoni mwa ganda yasomwe risasi moja baada ya nyingine, na yalingane na yaliyochongwa kwenye mtutu. Risasi ya .300 Blackout inaweza kuingia katika bunduki ya .223 Remington na mlango ukafungwa juu yake, na ikipigwa, kichwa kipana kisichoweza kupita katika mtutu mwembamba huipasua bunduki usoni mwa mpigaji. Mwenye bunduki za aina hizo mbili asiweke risasi zake katika mfuko mmoja.

Najua kuna wasomaji watakaonikumbusha habari za W. D. M. Bell, aliyewinda huko Karamoja, Uganda, na aliyeua tembo wengi kwa .275 Rigby yenye vichwa visivyochanua vya greini 173, ili kuonyesha kwamba muundo na uzito si kitu mbele ya shabaha nzuri. Mfano huo unanisaidia mimi. Bell alikuwa amejifunza mahali ubongo wa tembo ulipo kutoka kila upande, na alichagua kichwa kigumu kwa sababu alihitaji kupenya mfupa mwingi bila kupinda. Alianza na mnyama, akaenda kwenye mahali pa kupiga, akaishia kwenye muundo. Kwa kulungu mahali hapo ni mapafu na moyo, nyuma tu ya bega, theluthi moja ya kifua kutoka chini, eneo ambalo kwa kulungu wa wastani lina upana wa sentimita 20 hivi, na mwindaji asiyeweza kuliweka tundu ndani ya upana huo kwa mkao atakaoutumia porini asogee karibu zaidi au aache.

Kwa hiyo ombi langu kwako, Ndugu Mhariri, ni kwamba jedwali lile lichapwe upya. Safu ya uzito ibaki. Kando yake iwekwe safu ya muundo wa kichwa, ikitaja ni cha ncha laini ya kawaida, kilichogandishwa, au cha shaba tupu. Na nyingine ya kasi kwenye mita 100 na mita 200, pamoja na kasi ya chini ambayo mtengenezaji anasema kichwa chake bado kitachanua, habari ambayo watengenezaji wengi huitoa. Na sentensi ile ya kuchukua risasi nzito kuliko zote iondolewe kabla ya msimu kufunguliwa, maana wapo watakaokwenda dukani wakiwa wameikata kutoka gazetini na kuiweka mfukoni.

Wako,
Msomaji na mwindaji